Mtoto Anazubaa: Je, Anarudi Ukimwita?

Wenye watoto wachanga wakae karibu na ukuta, wapate kuegemea na kunyonyesha vizuri. Wale waliokwisha kupima watoto wao wasiende kwanza. Mazungumzo ya leo si marefu, tena yanatuhusu sisi wote. Leo tutazungumza juu ya neno moja tu.

Kwanza nitawaambia habari moja ninayowaambia wanafunzi wangu wa uuguzi kila mwaka.

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu, nilikuwa ninakaa kwenye meza ya mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina na kupanga watu kwa zamu. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, wakati wa mvua nyingi, mama mmoja akafika na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Nikamwuliza: «Mama, mtoto ana nini?» Akajibu: «Eko tu distre, munganga. Tangu asubui anazubaa tu. Ananiangalia, lakini ni kama haniangalii.»

Nikaandika kwenye fishi: distre. Nikamwonyesha mwisho wa ubao wa kukalia. Watoto wenye kikohozi wakapita mbele yake. Mwenye kidonda cha mguu akapita. Zamu yake ilipofika, jua lilikuwa limepanda juu. Tulipofungua kitambaa cha mgongoni, kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma. Malaria ilikuwa imefika katika ubongo.

Tushukuru Mungu, mtoto aliamka siku ya tatu. Lakini mkono wake wa kushoto ulibaki bila nguvu. Alijifunza kuandika na wa kuume, akakua, sasa ni mtu mzima. Mama yake akinikuta sokoni ananisalimia vizuri, bila hasira. Mimi kila mara ninaangalia ule mkono.

Wamama, yule mama alisema kweli tupu. Alisema kila kitu nilichohitaji kujua: «Ananiangalia, lakini ni kama haniangalii.» Ni mimi niliyeshika neno moja, «distre», nikaacha mengine yote. Kosa lilikuwa langu. Ndiyo maana leo nataka tulifungue neno hili pamoja, ili lisitudanganye tena, ninyi wala sisi.

NENO LENYEWE

Katika Kiswahili cha vitabu, kuzubaa ni kukaa macho wazi huku akili iko mahali pengine. Mwizi wa sokoni anamzubaisha mwenye kuuza nyanya, na mwenzake anachukua franga. Mtoto tunayemtuma dukani tunamwambia: usizubae njiani. Hapa Lubumbashi wengi wetu tunatumia neno la Kifaransa, distre. Wengine wanasema: «mawazo haiko», ao «akili inatembea», ao «roho iko mbali».

Maneno haya si mabaya. Shida ni hii: tunayatumia kwa mambo yasiyofanana hata kidogo. Mtoto anaangalia ndege juu ya bati, hasikilizi mwalimu: tunasema distre. Mama amesahau bukari motoni: distre. Mtoto mwenye homa kali hajui tena sura ya mama yake: tunasema tena distre. Wa kwanza anahitaji kuitwa. Wa pili anahitaji kupumzika. Wa tatu anahitaji lopitalo, sasa hivi.

Tutawatenganishaje? Neno lenyewe linatusaidia. Lile neno la Kifaransa lina mzizi katika Kilatini cha zamani, na maana yake ni kuvutwa huku na huku. Basi fikirini mbuzi aliyefungwa kamba. Amevutwa na majani ya jirani, ameenda mpaka mwisho wa kamba. Lakini ukivuta kamba, anarudi. Kuzubaa kwa kweli ni hivyo. Akili imeenda kutembea, lakini kamba ipo. Ukimwita, anarudi.

Kama unamwita na harudi, kamba imekatika. Hapo usiseme tena kwamba anazubaa. Hapo neno lake ni lingine: analegea, ao amepoteza fahamu.

Kwa hiyo swali letu la leo ni moja tu, mlishike vizuri: JE, ANARUDI?

NAMNA YA KUJARIBU

Usijaribu mara moja tu ukiwa mbali jikoni. Nenda karibu naye, fanya mambo matatu haya:

1. Sauti. Mwite kwa jina lake. Kisha piga makofi. Je, anageuza macho? Anakutafuta?

2. Mkono. Mguse begani, mtikise polepole. Je, anastuka? Analia? Anaondoa mkono wako?

3. Kinywa. Mpe ziwa ao kikombe. Je, ananyonya? Anakunywa na kumeza?

Tena angalia uso wake wakati unapozungumza naye. Mtoto mzima anaangalia uso wa mama yake. Mtoto anayeangalia ukuta ao hewa, hafuati kitu chochote na macho, huyo tumwogope hata kama macho yake ni wazi. Macho wazi si ushuhuda kwamba mtoto ameamka.

ASIYERUDI

Tangu miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani (OMS) na UNICEF wanafundisha wanganga wa nchi nyingi kutafuta alama nne za hatari kwa kila mtoto mgonjwa wa chini ya miaka mitano, mbele ya kuuliza habari nyingine. Alama hizo ni hizi:

— Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya.
— Mtoto anatapika kila kitu anachopewa.
— Mtoto amestuka na degedege, ao anastuka sasa.
— Mtoto analegea, hashughuliki na kitu, ao amepoteza fahamu.

Alama moja tu inatosha. Usingoje ya pili.

Mnaona, wamama? Yule mtoto wa kwanza alikuwa na alama ya nne, na mimi nikaiita distre. Kulegea namna hiyo kunaweza kutoka kwa malaria ya ubongo. Kunaweza kutoka kwa meninjite, kwa nimonia kali, kwa kuhara kulikomaliza maji ya mwili, ao kwa sukari iliyopungua sana katika damu. Wewe mama huwezi kujua ni nini, na si kazi yako kujua. Kazi yako ni kuona kwamba harudi, na kwenda.

Usingoje asubuhi. Usingoje baba arudi kazini kwanza. Tafuta jirani mwenye gari ao pikipiki. Ukitaka kuomba, omba njiani ukitembea.

Kama mtoto bado anameza, mnyonyeshe njiani. Aliyekwisha kuachishwa, mpe maji ya sukari: vijiko vidogo vinne vya sukari, vilivyosawazishwa, katika glasi moja ya maji safi ya mililita 200. Mpe kidogo kidogo. Kama hamezi, usitie kitu chochote kinywani: si maji, si dawa, si mafuta. Kitaingia katika mapafu.

Ukifika kwetu, usikae mwisho wa ubao. Pita mbele. Sema kwa sauti: «Mtoto wangu analegea, harudi nikimwita.» Mwenye kukuambia ungoje, mwambie tena. Usione haya.

Neno moja kwa wenye watoto wachanga wa chini ya miezi miwili. Mtoto mchanga mgonjwa pengine hana homa. Mwili wake unaweza kuwa baridi. Jirani anakuambia: «Eko muzuri, analala tu, halie.» Angalia kama ananyonya. Mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya vizuri jana, na leo anakatala ziwa na kulala tu, ni wa kupeleka mara moja.

ANAYERUDI MWENYEWE, LAKINI SI WAKATI UNAPOMWITA

Sasa tuache mgonjwa wa homa. Tuzungumze juu ya mtoto wa masomo, miaka minne mpaka kumi hivi. Anacheza, anakula, hana homa. Lakini mara kwa mara anasimama katikati ya neno. Kijiko kinabaki hewani. Macho yanakaa mahali pamoja, pengine kope zinapepea. Unamwita: kimya. Unamgusa: kimya. Baada ya sekunde kumi ao kumi na tano anaendelea kula kama vile hakuna kilichotokea. Ukimwuliza, hajui kwamba aliondoka. Kwa siku moja inaweza kurudi mara nyingi.

Mwalimu anasema: «Huyu ni distre, hapendi kujifunza.» Anapigwa. Kesho anapigwa tena. Lakini fimbo haiwezi kumrudisha, kwa sababu si yeye aliyeamua kuondoka.

Huu ni ugonjwa wa kifafa, wa aina isiyoangusha mtu. Wengi hawajui kwamba kifafa kiko cha namna hiyo. Wanajua tu kile cha kuanguka na kutoa povu. Kinatoka katika ubongo. Hakiambukizi: unaweza kula naye sahani moja. Dawa ziko, na watoto wengi wanaopewa dawa nzuri wanaacha kuondoka, tena wengi wanapona kabisa wakikua. Lakini dawa isikatishwe bila ruhusa ya munganga, hata kama mtoto ameonekana mzima.

Ukiona hivyo, fanya mambo mawili. Hesabu sekunde polepole, moja, mbili, tatu, ujue inachukua muda gani. Tena andika ao mwambie mkubwa wake aandike ni mara ngapi kwa siku. Leta habari hiyo. Kama jirani ana telefone yenye kupiga picha za kutembea, mwombe akupigie moja. Picha hiyo inatusaidia sana.

Wamama, katika mji wetu watoto kama hawa wanapata pengine shida kubwa kuliko fimbo. Mtu anasema: «Akili yake inatoka usiku na mchana, ni mulozi.» Watoto wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Nawaambia wazi: mtoto huyo si mlozi, ni mgonjwa. Hata sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Mwenye kumpeleka mtoto huyo kufungiwa na kunyimwa chakula anamwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa.

ANAYERUDI UKIMGUSA TU

Kuna mtoto mwingine. Ukimwita kutoka nyuma, hageuki. Ukimgusa, anageuka mara moja, anacheka. Ukizungumza, anaangalia midomo yako. Huyu hazubai. Huyu hasikii.

Masikio yanaharibika kwa njia nyingi. Usaha unatoka siku nyingi bila dawa. Meninjite inapita na kuacha uziwi. Surua nayo inaweza kuharibu masikio, ndiyo sababu moja ya kutokosa chanjo ya surua mtoto anapotimiza miezi tisa.

Sikio likitoa usaha, usitie mafuta, wala maziwa, wala maji ya majani. Kunja kitambaa safi kama utambi, weka polepole, kitoe kikiwa kimelowa, weka kingine mpaka sikio likauke. Fanya mara tatu kwa siku, na umlete apewe dawa.

Mjaribu nyumbani hivi: simama nyuma yake asikuone, sema jina la kitu anachopenda, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kubwa. Usipige makofi karibu sana, maana atasikia upepo wa mikono na atakudanganya.

ANAYERUDI, LAKINI ANAENDA TENA

Wa nne ni yule anayerudi vizuri ukimwita, lakini baada ya dakika chache ameenda tena. Wengi wao ni watoto tu, hawana neno. Lakini kama ni kila siku, na zamani hakuwa hivyo, tuulize.

Amekula? Mtoto anayeenda masomo bila kitu tumboni anangojea saa ya kurudi tu. Kipande cha kiazi kilichobaki jana ao kikombe cha uji kinafanya kazi kubwa kuliko fimbo ya mwalimu.

Amelala? Mtoto aliyeumwa na mbu usiku kucha, ao aliyelala katika kelele ya baa ya jirani, analala akiwa amekaa darasani. Chandarua kinaleta usingizi, tena kinazuia malaria.

Ana damu? Fungua kiganja chake, ukiweke karibu na kiganja chako. Kama chake ni cheupe kuliko chako, damu yake imepungua. Inawezekana ni malaria, ni minyoo, ni chakula kisicho na sombe, maharagi, samaki ao nyama, ao ni ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao ambao waganga wanauita SS. Mlete tumpime.

Tena kuna jambo la mji wetu. Lubumbashi ilizaliwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu 1911 shaba ilianza kuyeyushwa hapa. Tumekula kwa kazi hiyo, sisi na wazazi wetu. Lakini vumbi la madini linabaki katika udongo. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliona madini mengi katika mkojo wa wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda, zaidi kobalti. Kati ya madini ya kuogopwa kwa watoto kuna risasi, ambayo tunaiita pia plombu, ile iliyo katika batri za gari. Risasi inaingia katika ubongo wa mtoto polepole. Inapunguza akili na uwezo wa kutulia juu ya jambo moja. OMS inasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kwamba hakina hatari.

Hatuwezi kuhamisha mji. Lakini tunaweza hivi: mtoto anawe mikono mbele ya kula. Ufagie nyumba baada ya kunyunyiza maji, vumbi lisipande. Nguo za baba za kazi zisikae kitandani, zifuliwe peke yake. Mawe ya madini yasipondwe katika lupangu, na batri zisivunjwe pale watoto wanapocheza. Na ninyi wenye mimba, najua tamaa ya udongo ule mnaonunua sokoni. Udongo wa kula unaweza kuwa na risasi ndani yake, na risasi inapita mpaka kwa mtoto tumboni. Tuache.

NYUMBA NZIMA INAPOZUBAA

Mwezi wa sita na wa saba, baridi inaposhika, wengi wanaingiza mbabula katika chumba cha kulala na kufunga mlango na dirisha. Usiku mama anasikia kichwa kinauma. Mtoto anatapika. Baba anajibu maneno yasiyopangika. Kila mtu anaona mwenzake ni distre, na hakuna mwenye nguvu ya kusimama.

Hiyo ni hewa ya makala. Haina harufu, haina rangi. Haisubiri moshi: hata makala yaliyowaka vizuri, mekundu, yanaitoa. Inachukua nafasi ya hewa nzuri katika damu, na mtu analala bila kuamka.

Watu wawili ao watatu wa nyumba moja wakisikia kichwa na usingizi wa ajabu kwa wakati mmoja, usitafute mchawi wala chakula kibaya. Fungua mlango, watoe wote nje, toa mbabula, uwapeleke lopitalo hata kama wameanza kusikia vizuri. Na kuanzia leo: mbabula ibaki nje. Ndani tuongeze blanketi.

NA MAMA MWENYEWE?

Sasa nafika kwetu sisi. Mama naye anazubaa, na pengine mtoto ndiye anayelipa.

Mnajua namna inavyotokea. Sufuria ya maji ya bukari iko juu ya mbabula. Mtu anaita langoni, ao telefone inalia. Mama anageuka kidogo tu. Mtoto aliyeanza kutambaa ameshafika. Ao petroli ya taa imewekwa katika chupa ya sukre, na mtoto mwenye kiu hajui kusoma.

Sitawaambia «msizubae». Mama anayeamka mbele ya jua, anayetafuta maji, anayeuza sokoni na kulala wa mwisho, lazima akili yake itembee. Kumwambia asichoke ni maneno ya bure. Ninawaambia hivi: panga nyumba yako kwa ajili ya saa ile utakapozubaa. Inua mbabula juu ya matofali, ao izungushie ukuta mdogo. Mkono wa sufuria uelekee ndani. Petroli, soda ya sabuni na dawa zikae juu, katika chupa ambayo haikuwa ya kinywaji. Beseni la kufulia limwagwe mara unapomaliza. Na ukienda langoni, beba mtoto.

Kama ajali imetokea: aliyeungua, mwagilia maji safi ya baridi kwa dakika 20, usipake mafuta ya mawese wala dawa ya meno. Aliyekunywa petroli, usimtapishe, mlete. Alete na chupa.

Kuna mama mwingine, ambaye kuzubaa kwake si uchovu tu. Amejifungua, imepita zaidi ya wiki mbili, na bado roho iko mbali. Mtoto amelala, lakini yeye halali. Chakula hakina ladha. Analia bila sababu, ao halii tena. Anamshika mtoto kama mzigo wa mtu mwingine. Pengine anafikiri ingekuwa vizuri afe. Jirani wanasema ana kiburi, ao anawaza mwanaume.

Mama huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibiwa. Kwake pia swali ni lile lile: anarudi? Mkae karibu naye, mwiteni kwa jina lake mwenyewe, jina alilopewa na wazazi wake, si «mama ya fulani» tu. Mchukueni mtoto saa moja, alale. Asiporudi, mleteni. Na akisema anataka kufa ao kumwumiza mtoto, msimwache peke yake hata kidogo. Mleteni siku ile ile.

NAMNA YA KUTUAMBIA

Wamama, sisi wanganga pia tunachoka, na sisi pia tunazubaa. Nimekwisha kuwaambia habari yangu. Basi mtusaidie. Ukifika mlangoni, usiseme tu «anazubaa» wala «eko distre». Sema mambo matatu:

1. Ilianza lini: «Tangu jana jioni.»
2. Anarudi ao harudi: «Nikimwita hageuki, nikimgusa anafungua macho na kuyafunga.»
3. Anakunywa ao hanywi: «Amekatala ziwa mara mbili.»

Mama akisema hivyo, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kumweka mwisho wa ubao.

KUMBUKENI

— Kuzubaa ni kwenda na kurudi. Asiyerudi hazubai, ni mgonjwa wa haraka.
— Anayeondoka sekunde chache na kurudi mwenyewe: pengine ni kifafa. Si mlozi. Asipigwe.
— Anayegeuka akiguswa tu: mpime masikio.
— Anayeondoka kila siku: angalia chakula, usingizi, damu na vumbi.
— Nyumba nzima ina usingizi: toeni watu, toeni mbabula.
— Mama ambaye roho yake imekaa mbali zaidi ya wiki mbili: naye aletwe.

MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

1. Mtoto wa jirani ana homa, macho yake ni wazi, lakini hafuati kitu. Utafanya nini kwanza?
2. Katika lupangu lenu, ni kitu gani kinachoweza kumwumiza mtoto ukigeuka kidogo tu? Kitahamishwa wapi leo jioni?
3. Ni mama gani katika barabara yenu ambaye hajaonekana tangu alipojifungua? Nani atakwenda kumwita?

Sasa kila mmoja amwangalie mtoto wake, amwite kwa jina. Vizuri. Nimeona wameanza kugeuka.